Mkoba uliopotea, mjomba, na viwanja vinavyouliza maswali: safari ya gofu Uskoti

Ijumaa, North Berwick

Nimetua Edinburgh saa nne asubuhi. Mkoba wangu wa fimbo haukutua. Nilisimama kwenye mkanda wa mizigo mpaka ukazimwa, tukabaki mimi na kiti cha mtoto cha mtu mwingine. Dada wa kaunta akanipa karatasi yenye namba ndefu, akasema nisubiri simu. Shirika silitaji, halinisaidii kitu.

Mjomba alikuwa nje, koti la mvua mwilini na barghashia kichwani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Fimbo ziko wapi?"

Nikamweleza. Pole sikupata hata moja. "Basi leo unarudi kwenye kazi yako," akasema.

Kazi yangu ni ukedi. Sote wawili tulianzia huko, kila mtu kwa enzi zake: kubeba mikoba ya wenye klabu, kutafuta mipira yao majanini, halafu jioni, wakishaingia kunywa, kupiga sisi wenyewe kwa fimbo moja ya kuazimana. Mjomba alijifunzia kwenye braun. Zamani viwanja vingi vya kwetu havikuwa na maji ya kuotesha grini, yaani pale penye nyasi za kunyolewa panapokaa shimo na bendera. Walimwaga mchanga wakauchanganya na oili, na kedi aliburuta gunia kufuta nyayo kabla bwana hajapiga. Baadaye mjomba akaja Uskoti kusomea uuguzi, akaoa, akastaafu. Sasa yuko Dundee na goti moja bovu, umri miaka 71. Mpira wake ukifika yadi 170 anashangilia. (Yadi ni mita kasoro kidogo. Nitazitumia hivyo hivyo, maana huku nikisema mita wananiangalia tu.)

Baada ya swala ya Ijumaa tukapanda treni, nusu saa hivi hadi North Berwick. Uwanja umelala kando ya bahari kabisa, na huko mbele ya maji kinaonekana kisiwa cha mwamba, Bass Rock, kimekuwa cheupe kwa ndege. Ardhi ya namna hii wanaiita linksi: mchanga usiofaa kulima, nyasi fupi na ngumu, mpira ukidondoka haukai, unaendelea na safari zake. Kwenye shimo la 13 (shimo ni kipande kizima cha uwanja, toka pa kuanzia hadi bendera) ukuta wa mawe wa zamani unapita mbele ya grini kabisa, na hakuna aliyeona haja ya kuubomoa. La 14 unapiga kuvuka mwinuko, hujui unakopiga. Lakini mimi nilikuja kwa ajili ya la 15.

Linaitwa Redan. Jina ni la ngome ya Warusi kule Sevastopol, vita vya Krimea vya miaka ya 1850. Ni shimo la kufika kwa pigo moja, yadi 190 hivi. Ukisimama pa kuanzia grini huioni. Unaona kigongo, kushoto banka refu la kwenda chini (banka ni lile shimo la mchanga, mtego), na juu yake ncha ya bendera. Usichokiona ndicho chenyewe: grini imelala kishazari, kutoka mbele kulia kwenda nyuma kushoto, na inateremka kukukimbia. Ukilenga bendera unapita juu ya banka, na hata ukilivuka, mpira unatua kwenye mteremko na hausimami.

Tulipangwa na vijana wawili Wamarekani, wazuri, mipira yao inaruka juu kama ya kwenye televisheni. Wa kwanza akalenga bendera, bankani. Wa pili akalenga bendera, akatokea nyuma. Nikamkabidhi mjomba wudi namba tatu, fimbo ya kupiga mbali, nikamwonyesha bendera kwa kidole kama kedi mwema. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.

"Bendera naiona mwenyewe. Niambie mpira utue wapi."

Akalenga kulia, mbali na bendera kabisa, kwenye bega la nyasi lililo mbele ya grini. Mpira ukaenda chini chini, ukagonga lile bega, ukapotea. Tulipopanda kigongo tukaukuta umezunguka kushoto kama maji yanayoingia kwenye tundu la bafu, hatua sita kutoka bendera. Wale vijana walipiga makofi. Mjomba akajifanya hakusikia, lakini mimi nilikuwa karibu nikaona.

Shimo hili limenakiliwa duniani kuliko jingine lolote ninalolijua. Charles Blair Macdonald, mjenzi wa viwanja wa Marekani, aliletwa St Andrews, mji wa gofu huku Uskoti, mwaka 1872 akiwa kijana wa miaka 16, akisoma chuoni na kucheza gofu. Alipokuja kujenga uwanja wake mwenyewe kule Long Island, Marekani, National Golf Links, shimo la nne alilifanya Redan. Hakunakili mandhari ya bahari wala ukuta. Alichukua swali: utapita juu, au utaiachia ardhi ikupeleke?

Jumamosi, Dundee

Mvua. Simu ya mkoba haijalia. Mkaza mjomba kapika pilau, na juu ya sinia tukawekeana dau: siku tutakayocheza wote wawili, atakayepiga mipigo mingi zaidi anapika pilau lijalo. Hakuna cha kufidiana hendikapu (namba ya kiwango cha mchezaji; ikiwa ndogo, wewe ni bora). Mimi yangu ni 16, yake ni 22. Nikaona hilo pilau nimeshalila.

Mchana kutwa alinipigia somo. Anasema wajenzi wa viwanja wapo wa namna tatu. Wapo wa adhabu: wanaweka mtego mbele yako, unauvuka au unakufa, hakuna swali. Wapo wa ushujaa: ukivuka maji unapata zawadi kubwa, ukishindwa umekwisha. Halafu wapo wanaokupa uwanja mpana kabisa na kukuacha uchague, kisha adhabu inakuja pigo la pili, wakati umeshasahau kosa ulilolifanya la kwanza. Hao wa tatu ndio anaowapenda, na kwa maoni yake wengi wa wanaojiita hivyo ni waongo: wanaweka banka kulia, banka kushoto, wanaita mkakati.

Nikamuuliza mtu achague vipi basi. Akachukua punje za mchele mkononi akazirusha kwenye sinia.

"Umewahi kulisha kuku? Ukirusha mtama unaenda mstari?"

"Hauendi."

"Basi na mipira yako ndiyo hivyo. Wewe unapanga kana kwamba utarusha punje moja. Panga mtama wote."

Nililiandika hilo kwenye simu. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, alifikia jambo kama hilo kwa kuchambua mapigo mengi mno ya wachezaji: hata mabingwa wa Marekani, mpira ukiwa futi 8 kutoka shimoni, wanaingiza nusu tu. Futi 8! Mimi nikikosa hapo huwa narusha kofia.

Jumapili, St Andrews kwa miguu

Old Course, uwanja mkongwe kuliko yote mjini hapa, Jumapili haichezwi. Lango halifungwi, linafunguliwa: watu wa mji wanapitisha mbwa, watoto wanakimbizana, bibi mmoja alikaa kwenye benchi akila aiskrimu akitazama grini ambayo mtu analipa zaidi ya pauni 300 kuigusa. Tangu 1552 kuna hati inayotambua haki ya wenyeji kutumia ardhi hii kwa gofu na shughuli zao nyingine. Nilipenda hilo kuliko nilivyotarajia.

Kuutembea uwanja bila fimbo ni dawa, maana huna pigo la kujiharibia siku. Tuliutembea kinyumenyume, kutoka shimo la 18 kurudi. Mjomba alisisitiza, na sababu niliiona tulipofika la 12.

Shimo la 12 ni fupi, ukisimama pa kuanzia unaona uwanda mtupu wa nyasi, unauliza tatizo liko wapi. Lakini sisi tulisimama kwenye grini tukageuka nyuma, na yote yakafunuka: mabanka katikati ya njia, moja baada ya jingine, vinywa wazi, yanatutazama sisi. Yamejificha kwa anayetoka pa kuanzia kwa sababu zamani uwanja huu ulichezwa kwa kuzunguka upande mwingine. Mitego ilitegwa kwa wageni waliokuwa wanatoka upande wa pili. Walipobadilisha mzunguko hawakuhamisha kitu, wakaacha kama ilivyo. Kwa hiyo mtego mkali kuliko yote uwanjani hakuna fundi aliyeupanga uwe hivyo.

Ndiyo tabia ya uwanja mzima. Hakuna mtu mmoja aliyeuchora. Upepo ulifukua mchanga, kondoo wakajilaza kukwepa baridi, watu wakaja na fimbo. Ulikuwa na mashimo 22, wakapunguza mwaka 1764 yakawa 18, na dunia nzima ikaiga hiyo 18. Grini saba zinatumiwa na mashimo mawili mawili, linalokwenda na linalorudi. Jumlisha namba zao, la 2 na la 16, la 5 na la 13, kila mara unapata 18. Mabanka ni 112 na mengi yana majina kama watu: Jehanamu, Majeneza, Simba, Jiko.

Mwaka 2000 Tiger Woods alishinda hapa mashindano ya Open, yale makuu ya gofu ya Uingereza, kwa siku nne, mashimo 72, bila kuingia banka hata moja. Nilikuwa nalijua hilo kama sifa ya nguvu zake. Leo, nikiwa nimesimama kwenye hiyo grini ya 12 nikihesabu vinywa, nimelielewa vingine: siku nne mfululizo yule mtu alikuwa anakataa vitu.

Magharibi imeingia saa nne usiku. Juni ya huku inamchosha mwenye kuswali.

Jumatatu, St Andrews

Kupata nafasi Old Course ni kura. Unaandika jina siku mbili kabla, na cheti cha hendikapu, jioni majina yanatoka. Tukaandika kwa ajili ya Jumatano, kisha tukaenda Himalaya.

Himalaya hii ni uwanja wa kusukumia mpira shimoni tu, wa klabu ya wanawake iliyoanzishwa 1867. Wakati huo wanawake hawakutazamiwa kuinua fimbo juu ya bega mbele za watu. Wakapewa kipande cha ardhi chenye vilima na mabonde, wasukume. Leo yeyote analipa pesa kidogo anapewa pata, yaani fimbo ya kusukumia, na mpira. Tulikuta watoto wa shule, wachumba, na mzee mmoja aliyevaa tai.

Kwenye shimo moja, sikumbuki namba, kati yangu na bendera palikuwa na kilima cha kimo cha goti. Njia mbili: kupanda moja kwa moja kwa nguvu ukiomba mpira usishuke hadi kwa jirani, au kuzungusha kwa kushoto, polepole, mara mbili ya umbali, uache bonde lilete mpira. Nikapanda. Ukapita bendera, ukashuka upande wa pili, ukaingia kwenye mchezo wa yule mzee mwenye tai. Akaunyanyua akanirudishia kwa adabu zote. Nikapanda tena. Akanirudishia tena. Mara ya tatu mjomba akaketi chini kabisa kwa kicheko, goti na yote.

Majina yametoka saa kumi na nusu. Tumo! Jumatano, saa nane na dakika ishirini mchana.

Jumanne

Ukungu wa bahari, wenyewe wanauita haar, umeingia asubuhi haujatoka. Dirishani siuoni mto Tay. Mkoba umeonekana, kisha wamesema siyo wangu. Nimelala.

Jumatano, Old Course

Fimbo za kukodi, draiva (fimbo ya pigo la kwanza la mbali) ndefu kuliko niliyoizoea. Pa kuanzia shimo la kwanza unapiga kwenye njia moja pana inayotumiwa na shimo la 1 na la 18 kwa pamoja, huwezi kuikosa. Nyuma yako kuna jengo la klabu ya gofu ya R&A na watalii na simu zao. Nikaona upana wote ule umekuwa wembamba kama uzi. Mpira wangu wa kwanza ulifika, basi, tuseme ulifika.

Mashimo mengi ya mwanzo yana sentensi moja, na makedi wa hapa wanairudia mpaka inachosha: kushoto salama. Kushoto ndiko nyasi za shimo linalorudi, pana, hakuna vichaka vya miiba. Shida ni kwamba ukishakuwa salama huko, mara nyingi grini unaitazama kwa ubavu wake mbaya, banka likiwa kati. Aliyethubutu kulia karibu na vichaka amefunguliwa mlango. Kwa hiyo bei ya usalama unailipa baadaye, na mimi nililipa baadaye mara nyingi. Mjomba kwa masikitiko yangu hakuwa mtu wa kushoto tu wala wa kulia tu. Alikuwa anauliza bendera iko wapi kwanza, kisha anarudi nyuma kwa hesabu mpaka miguuni pake. Siku nzima sikumsikia akisema "mwenda pole hajikwai". Anaichukia hiyo methali. Anasema upole si mpango.

La 11 ni fupi, banka la Strath mbele, Hill kushoto. Hapa ndipo Bobby Jones wa Marekani, mwaka 1921, kijana wa miaka 19, alipochoshwa akaokota mpira wake na kuacha mashindano. Angeweza kuchukia mahali hapa maisha yake yote. Akarudi 1927 akashinda, na baadaye yeye na Alister MacKenzie, daktari aliyegeuka mjenzi wa viwanja na aliyeuchora ramani uwanja huu mwaka 1924, wakajenga uwanja wa Augusta National kule Marekani: njia pana, maswali mengi. Mimi la 11 nilipata mipigo minne, nikamshukuru Mungu.

Tukafika la 14 nikiwa mbele kwa mipigo mitatu.

Hili nitalieleza lote. Ni refu kuliko yote uwanjani. Kulia ukuta wa mawe, ukipita umetoka mpakani. Kushoto mabanka ya Beardies. Katikati yake, ukipenya, kuna uwanda mtamu wa nyasi tambarare unaoitwa Elysian Fields, ambako nilipenya kwa pigo bora la maisha yangu. Mpaka kedi wa kundi jirani aligeuka. Nilipofika kwenye mpira, mbele yangu, kama yadi mia moja na kitu kabla ya grini, Jehanamu. Ni banka kubwa kama ua wa nyumba. MacKenzie aliwahi kulichora shimo hili na njia zake kadhaa za kufika, kila njia na mtu wake. Mbele yangu niliziona tatu wazi. Kuvuka Jehanamu moja kwa moja, na hapo grini inabaki karibu. Kupiga kushoto kabisa hadi kwenye njia ya shimo la 5, pana kama uwanja wa ndege, ubaki na pigo la tatu refu kidogo. Au kupiga fupi, usimame kabla ya Jehanamu, uivuke kesho.

Mjomba hakuingia Elysian kwa kuwa hafiki. Alikuwa nyuma yangu, upande wa kushoto wa Beardies, mahali ambapo mimi ningeona aibu kuwa. Akapiga tena kushoto, njia ya 5. Akapiga tena. Alikuwa kama mtu anayekwenda sokoni kwa kupitia kwa shangazi.

Mimi nilikuwa na pigo bora la maisha yangu la kuliheshimu. Ukweli ni huo tu. Sikufikiria umbali, wala upepo uliokuwa unanigonga kifuani, wala mtama wa kuku. Nilifikiri kwamba mtu aliyepiga vile hawezi kupiga kushoto. Nikachukua wudi ya kukodi, nikaukata mpira kidogo kwa juu.

Ndani ya Jehanamu kumetulia. Upepo hausikiki. Ukuta wa mbele ni mabamba ya udongo na nyasi yaliyopangwa kama matofali, unanizidi kimo, na mpira wangu ulikuwa umbali wa kiwiko kutoka ukutani, nusu yake umezama. Jack Nicklaus, mshindi wa mashindano makuu 18, mwaka 1995 alihitaji mipigo minne kutoka humu na akaandika kumi kwenye shimo hili. Nilikuwa nakijua kisa hicho. Nilikijua nikiwa nimesimama mahali pake, na bado nikapiga mbele. Ukarudi. Nikapiga mbele tena. Ukarudi ukanigonga kiatu. Ndipo nikasikia sauti juu ya ukuta, haina hasira wala kejeli:

"Mjomba, nyuma yako kupo wazi."

Nikapiga kwa nyuma, kuelekea nilikotoka. Tisa. Yeye sita. Tukawa sawa.

La 16 kuna mabanka matatu katikati ya njia yanaitwa Pua ya Mkuu wa Chuo, inasemwa kwa heshima ya mkuu mmoja wa zamani mwenye pua. Kulia ya pua kuna kipenyo, halafu uzio ambako zamani ilipita reli ya mji. Treni ilikufa mwaka 1969 lakini mpaka umebaki. Kipenyo hicho kinakupa grini wazi. Kushoto pana, lakini grini inafichwa na mabanka mengine. Safari hii nilikwenda kushoto kwa woga, na huo haukuwa uchaguzi pia, ulikuwa ni moshi wa Jehanamu. Sita. Mjomba alipiga fupi kabla ya pua, upande wa kulia, ambako hakuna mtu anayepiga, na kutoka pale njia ikawa imenyooka. Tano.

La 17 unapiga kuvuka mabanda ya hoteli, huoni unakokwenda. Grini ni nyembamba kama mtumbwi, imekaa kishazari, mbele kushoto banka la Road, nyuma barabara ya lami na ukuta. Barabara ni sehemu ya uwanja: mpira ukilala juu ya lami unaupiga juu ya lami. Mwaka 1978 Tommy Nakajima wa Japani alikuwa tayari ameshafika kwenye grini; akasukuma, mpira ukakata kona ukaingia banka, akatoka na tisa. Kwa hiyo hata ukifika hujafika. Mjomba na mimi, kwa mara ya kwanza siku ile, tulipiga pigo moja: fupi, kulia, mbele ya grini, kisha tukasukuma kwa pata kupanda mwinuko. Tano, tano. Hakusema neno, ila alinipa kipande cha chokoleti.

La 18 mbele ya grini kuna bonde, wanaliita Bonde la Dhambi. Nilipiga mpira wa juu kwa fimbo ya pembe, ukatua vizuri, ukafikiri, ukashuka wote mpaka miguuni pangu. Mjomba akatoa pata akiwa mbali, kwenye nyasi za njia, akasukuma kupitia bondeni kama enzi za braun. Nne. Mimi tano.

96 kwa 98. Pilau linanihusu.

Alhamisi, Carnoustie

Treni kutoka Dundee ni robo saa hivi. Hatukuja kucheza, sheria ya Uskoti inakuruhusu kukatiza uwanja kwa miguu ukiwa na adabu, tukaja jioni makundi ya mwisho yakiwa yameshapita.

Shimo la 6 mabanka yamekaa katikati ya njia. Kushoto kwake kipenyo, kisha uzio, na ng'ambo ya uzio ni eneo la mazoezi ya jeshi. Kulia pana. Ben Hogan wa Marekani alikuja Open mara moja tu maishani mwake, hapa, 1953, akaweka mpira kwenye hicho kipenyo cha kushoto, akashinda kwa mipigo minne. Mwaka 2003 shimo likapewa jina lake. Mjomba alikitazama kile kipenyo muda mrefu. "Huyu mtama wake ulikuwa unaenda mstari," akakubali.

Tukaenda hadi la 18, kwenye kijito cha Barry Burn kinachojikunja kama nyoka. Mwaka 1999 Jean van de Velde wa Ufaransa alifika hapa akiwa mbele kwa mipigo mitatu. Mipigo sita, kwenye shimo linalotarajiwa minne, ilitosha kumpa kombe. Akachukua draiva, kisha fimbo ya chuma ndefu, mpira ukagonga jukwaa la watazamaji ukarudi, kisha ukaingia majini, akavua viatu, akaingia. Saba. Paul Lawrie akabeba kombe.

"Draiva ndiyo ilimponza," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyetoka Jehanamu jana.

"Hapana. Mpira wa draiva ulikuwa mkavu, unapigika. Pale alikuwa bado tajiri." Akaonyesha kwa bakora. "Kosa ni la pili. Alikuwa na nafasi ya kupiga fupi huku, apige tena, asukume mara mbili, kombe lake. Lakini alishajiona yuko grini."

Tulibishana hadi stesheni. Mimi bado nasema draiva.

Ijumaa, Dundee

Saa moja asubuhi kengele imelia. Kijana wa gari la mizigo, na mkoba wangu, lebo za viwanja vya ndege vitatu shingoni. Ndege yangu ni saa tisa. Mjomba akafungua zipu, akatoa fimbo moja moja akizikagua kama daktari, akafika kwenye draiva.

"Hii iache hapa mjomba. Nitakutunzia."

Nimeirudisha mkobani, nikafunga zipu, nikaingia jikoni kuosha mchele.